Karatasi ya vipimo vya figo inakosa mstari mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie karatasi ndogo ambayo wengi wetu hapa Tanga tumewahi kukabidhiwa kwenye dirisha la maabara, tukaikunja mara mbili, tukaitia mfukoni na kwenda nayo nyumbani bila kujua imesema nini. Ni karatasi ya majibu ya damu ya kupima utendaji kazi wa figo. Kwa maoni yangu karatasi hiyo, kwa namna inavyochapwa katika maabara nyingi nilizokwisha kuzifikia, inakosa mstari mmoja tu, na kukosekana kwa mstari huo kunawatia hofu watu wasiostahili kuogopa, na kuwapa utulivu watu wasiostahili kutulia. Nyumbani kwetu yote mawili yalitokea kwa mtu mmoja, ndani ya juma moja.

Mimi si daktari. Nilifundisha hisabati katika shule za sekondari kwa miaka mingi hadi nilipostaafu, na ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa sababu ya dada yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 68, ambaye ameishi na presha pamoja na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Mwezi Machi 2025, katikati ya Ramadhani, alipimwa damu katika kituo kimoja cha afya. Jioni yake, kabla hata ya kufuturu, mwanawe aliyeko Dar es Salaam akanipigia simu akiwa anahema: “Mjomba, figo za mama zimekwisha. Mwaka jana zilikuwa moja, sasa hivi ni mia na sita.” Nilipofika Makorora nilimkuta dada ameketi kwenye mkeka, karatasi mbili zimetandazwa mbele yake, na majirani wawili wakimfariji kama mtu aliyefiwa. Aliniambia kwa sauti ya chini, “Mdogo wangu, mimi nimeshajiandaa.”

Nilizichukua zile karatasi. Ya kwanza, ya Juni 2024, kutoka maabara nyingine, iliandikwa kreatinini 1.1. Ya pili iliandikwa kreatinini 106. Ukizitazama namba hizo zikiwa uchi, kijana hakukosea: kutoka moja hadi mia na sita ni kupanda mara mia moja. Lakini pembeni ya ile 1.1, kwa herufi ambazo ilinibidi nivae miwani ndipo nizisome, kulikuwa na kipimo cha miligramu kwa desilita, na pembeni ya 106 kulikuwa na mikromoli kwa lita. Hivyo ni vipimo viwili tofauti vya kitu kile kile, kama vile mtu mmoja akupe urefu wa kitambaa kwa yadi na mwingine kwa sentimita. Ili kutoka miligramu kwenda mikromoli unazidisha kwa 88.4. Moja nukta moja ya mwaka jana ilikuwa sawa na 97. Kwa hiyo kreatinini ya dada ilikuwa imepanda kutoka 97 hadi 106, wala haikupanda mara mia. Nilipomfanyia hesabu hiyo nyuma ya bahasha, dada alinitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama uji umeiva.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipokwisha, na la pili likaanza, tena hili la pili nalilaumu zaidi kwa sababu lilikuja limevaa sura ya habari njema. Karatasi ile ya Machi ilionyesha kwamba kiwango cha kawaida cha kreatinini ni kuanzia 53 hadi 115, bila kutaja mwanamume wala mwanamke, kijana wala mzee. Mia na sita iko ndani ya mipaka hiyo. Mhudumu aliyempa dada karatasi alikuwa amemwambia kwamba kila kitu ni cha kawaida, na kama si simu ya mwanawe, angeondoka na neno hilo moja na kuendelea na maisha yake. Sisi nasi, baada ya kuisawazisha ile hesabu, tulimshukuru Mungu, tukafuturu, tukalala.

Ilinichukua siku tatu kuelewa kwamba tulikuwa tumeshukuru mapema. Naomba nieleze kwa utaratibu, kwa sababu jambo lenyewe si gumu. Limefichwa tu na istilahi.

Kreatinini ni taka inayotokana na kazi ya misuli. Misuli huizalisha kila siku kwa kiasi kisichobadilika sana, damu huibeba, na figo huichuja na kuitoa kwa mkojo. Kila figo ina vichujio vidogo sana visivyoonekana kwa macho, takriban milioni 1, na kwa mtu mzima mwenye afya vichujio vya figo zote mbili kwa pamoja hupitisha maji ya damu yapatayo lita 180 kwa siku, yaani madumu 9 ya lita 20, ambayo karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu ndizo hutoka kama mkojo. Swali tunalotaka kujibiwa tunapopima figo ni hili: vichujio hivyo vinapitisha kiasi gani kwa dakika? Kreatinini yenyewe si jibu la swali hilo. Ni dalili tu ya jibu, na ni dalili inayotegemea mambo mawili kwa wakati mmoja: kasi ya figo kuichuja na wingi wa misuli inayoizalisha.

Kwa mtu aliyesoma hisabati, uhusiano wa kreatinini na uchujaji ni wa kinyume: uchujaji ukipungua kwa nusu, kreatinini katika damu huongezeka mara mbili, maana kinachozalishwa ni kile kile lakini mlango wa kutokea umekuwa mwembamba. Sasa mchukue mwanamke mwenye mwili mdogo, ambaye alipokuwa na figo timamu kreatinini yake ilikuwa 50. Apoteze nusu nzima ya uwezo wa figo zake, kreatinini yake itapanda hadi 100. Ukiisoma kwenye karatasi yenye mipaka ya 53 hadi 115, utamwambia mwanamke huyo yuko salama, ilhali amekwisha kupoteza nusu. Kinyume chake, upotevu wa mwisho ndio unaopiga kelele: uchujaji ukishuka kutoka asilimia 30 hadi asilimia 15 ya uwezo wake wa awali, kreatinini ya mwanamke huyo huyo itaruka kutoka 167 hivi hadi 333. Mwanzoni, wakati ambapo kuna jambo la kufanya, namba haisemi kitu, na inapokuja kupiga kelele muda mwingi umekwisha kupotea. Ningekuwa bado darasani, huu ndio mchoro ambao ningewachorea wanafunzi ubaoni ili wajue kwa nini tunajifunza kugawanya.

Ndiyo maana wataalamu wa figo hawaridhiki na kreatinini peke yake. Huichukua, wakaongeza umri na jinsia ya mgonjwa, wakaiingiza katika kanuni, na kupata makadirio ya kiwango cha uchujaji wa figo, ambayo kwenye karatasi za maabara zinazoyachapa huandikwa kwa herufi eGFR. Hupimwa kwa mililita kwa dakika, zikisawazishwa kwa mwili wenye eneo la mita za mraba 1.73. Kanuni mojawapo inayopendekezwa sasa ni ile iliyotolewa mwaka 2021. Nilimwomba kijana wa jirani aniingizie namba kwenye simu yake. Kijana wa kiume wa miaka 25, mpakiaji wa magunia pale bandarini, mwenye kreatinini ya 106, anapata uchujaji wa 86, na kwa umri na misuli yake hakuna wa kumsumbua kama mkojo wake hauna kasoro. Kisha tukaingiza mwanamke wa miaka 68 mwenye 106 hiyo hiyo. Jibu lilikuwa 49.

Namba moja, karatasi moja, mipaka ile ile ya “kawaida”, na watu wawili ambao mmoja wao amebakiwa na kitu kisichofika nusu ya kile alichokuwa nacho ujanani. Huo ndio mstari unaokosekana, Ndugu Mhariri. Hauhitaji damu nyingine wala kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, kingine. Umri na jinsia vimeshaandikwa juu kabisa ya karatasi, kreatinini imeshapimwa, na kilichobaki ni kukokotoa, kazi ambayo kompyuta ya maabara huweza kuifanya kwa kufumba na kufumbua.

Kuna watakaosema mgonjwa anayetaka kujua atafute mwenyewe. Nilijaribu, na naweza kushuhudia kwamba si shauri zuri. Nilipata kwanza kanuni ya zamani, ile ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, ambayo inafanyika kwa kalamu na karatasi: unatoa umri kutoka 140, unazidisha kwa uzito wa mtu kwa kilo, unagawanya kwa 72 iliyozidishwa na kreatinini ya miligramu, na kwa mwanamke unazidisha tena kwa 0.85. Nakiri kwamba nilifurahi kitoto kuona kuwa 140 kutoa 68 ni 72, kwa hiyo 72 ya juu na ya chini zinakatana. Dada ana kilo 52. Nikapata 37. Furaha ikaisha hapo hapo, kwa sababu usiku ule nilikuwa na namba mbili mkononi, 49 na 37, na sikujua ipi niiamini. Baadaye daktari alinieleza kwamba kanuni hiyo ya zamani haikusawazishwa kwa ukubwa wa mwili, hivyo kwa mtu mwembamba hutoa namba ndogo, na kwamba bado inatumika katika kupanga dozi za baadhi ya dawa, lakini si kwa kupanga hatua ya ugonjwa. Ikiwa mwalimu wa hisabati alichanganyikiwa, sioni ni kwa nini tumtwishe mzigo huo mama muuza samaki.

Daktari niliyemtaja tulimfuata sisi wenyewe, na kwa heshima yake sitamtaja jina. Alizisoma karatasi zote mbili, akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyeuliza kabla yake: damu hii ya Machi ilitolewa saa ngapi, na dada alikuwa katika hali gani? Ilitolewa saa tisa alasiri, naye alikuwa amefunga, katika joto la Tanga la mwezi Machi ambalo msomaji wa Lushoto anaweza kulisikia tu kwa simulizi. Zaidi ya hayo, kwa wiki mbili alikuwa akimeza vidonge vya diklofenaki kwa ajili ya magoti, alivyonunua dukani bila cheti. Yurea yake ilikuwa 9.1, nasi hatukuitazama kabisa kwa kuwa macho yetu yote yalikuwa kwenye kreatinini. Yurea hutengenezwa na ini kutokana na protini, na kiwango chake cha kawaida hukaribia 2.5 hadi 7.8 milimoli kwa lita. Hupanda figo zinapodhoofika, lakini hupanda pia mtu anapopungukiwa na maji, anapokula nyama nyingi, au anapovuja damu tumboni. Kwa hiyo yurea iliyopanda kwa mtu aliyefunga saumu si hukumu. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni nazo hupunguza damu inayoingia kwenye vichujio, na kwa mtu mwenye presha, kisukari na upungufu wa maji mwilini, huo ni mzigo juu ya mzigo.

Alimwagiza aache vidonge hivyo, asubiri Ramadhani iishe, anywe maji kama kawaida, na usiku wa kuamkia kipimo asile nyama, kwa sababu nyama iliyopikwa huongeza kreatinini katika damu kwa saa kadhaa. Dada alicheka akasema basi harusi zote za Shawwali zimempita, maana biriani haliliwi kwa kuchagua mchele. Alipimwa tena mwezi Mei. Kreatinini ilikuwa 99, yurea 6.4, na uchujaji, ambao safari hii daktari aliukokotoa mwenyewe kwa kalamu ya bluu pembeni ya karatasi, ulikuwa 54. Ile ya Juni mwaka uliotangulia, alipoikokotoa, ilikuwa 55.

Hapa naomba niwe mwangalifu, kwa sababu ndipo watu wengi wanapojikwaa. Kwa ule mgawanyo unaotumika kimataifa, uchujaji wa 90 na zaidi ni hatua ya kwanza, 60 hadi 89 ya pili, 45 hadi 59 na 30 hadi 44 ni nusu mbili za hatua ya tatu, 15 hadi 29 ya nne, na chini ya 15 ni ya tano. Mtu aliye katika hatua mbili za mwanzo haitwi mgonjwa wa figo kwa namba hiyo pekee, bali mpaka kuwe na dalili nyingine ya madhara, kwa mfano protini kwenye mkojo. Hata aliye chini ya 60 hathibitishwi kwa kipimo kimoja, bali kwa hali iliyodumu miezi mitatu na zaidi. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo, na kipimo kimoja cha figo ni cha namna hiyo: huenda ni mgeni wa siku moja aliyeletwa na kiu, homa, kuharisha au vidonge. Ile 49 ya Machi ilikuwa kwa sehemu mgeni wa aina hiyo. Lakini 55 na 54, zikiwa zimepishana kwa miezi kumi na moja, ni wenyeji. Hata katika maabara moja namba za mtu zinaweza kutofautiana kidogo leo na kesho, kwa hiyo tofauti ya pointi moja kati ya hizo mbili haina maana yoyote. Kinachosema ni kwamba zote mbili zimeketi chini ya 60.

Alipoambiwa kwamba ana ugonjwa sugu wa figo wa hatua ya tatu, sehemu ile nyepesi, dada hakulia. Aliuliza tu ni kwa nini kiuno hakimuumi. Swali hilo lilinifunza kitu, kwani mtaani kwetu kila anayeumwa kiuno huambiwa ana figo, naye huenda ana misuli iliyochoka kwa kuendesha baiskeli kutoka Pongwe. Figo zinazopungua nguvu taratibu kwa kisukari na presha haziumi. Mtu huweza kufika hatua ya nne akiwa bado anakwenda sokoni Mgandini na kurudi kwa miguu.

Nusu nyingine ya habari ilitoka kwenye mkojo, na hapa nitapita haraka ingawa jambo lenyewe ni kubwa. Kichujio kizuri hakipitishi protini. Kikianza kuchakaa, protini iitwayo albumini huanza kuvuja, mara nyingi kabla kreatinini haijatikisika. Hupimwa kwa kulinganishwa na kreatinini ya mkojo huo huo, na uwiano ulio chini ya miligramu 3 kwa kila milimoli ndio unaotarajiwa. Wa dada ulikuwa 9. Yeye amekuwa akihudhuria kliniki ya kisukari kwa zaidi ya miaka kumi na, kwa kumbukumbu zake na za daftari lake, hakuwahi kuombwa mkojo kwa ajili hiyo. Sitaji ni kliniki gani, wala sidhani kwamba iko peke yake.

Kulikuwa na namba nyingine pia kwenye karatasi, na moja inastahili kutajwa kidogo kwa sababu ya jirani yetu aliyekosa usingizi kwayo. Potasiamu ya kawaida ni 3.5 hadi 5.0 au hapo karibu, na ikipanda sana huweza kusimamisha moyo, kwa hiyo daktari anayeiona juu ana haki ya kushtuka. Lakini chembe nyekundu za damu zimejaa potasiamu, na zikipasuka ndani ya chupa kwa sababu sindano ilivuta kwa nguvu au sampuli ilicheleweshwa njiani, namba hupanda bila mwili wa mtu kuwa na shida. Jirani alirudiwa kipimo, na 6.2 ikawa 4.4.

Nimewasikia wenye elimu wakipinga kuchapwa kwa makadirio ya uchujaji kwa hoja kwamba ni makadirio tu, tena kanuni zake zilitungwa kwa watu wa mbali. Hoja hiyo ina uzito, nami siitupi. Kanuni zilizotangulia, ya mwaka 1999 na ya mwaka 2009, zilikuwa na kipengele cha kuongeza jibu kwa mtu mweusi, asilimia zipatazo 20 kwa ile ya kwanza na asilimia 16 kwa ile ya pili, na kipengele hicho kimeondolewa katika kanuni ya 2021. Fikiri maana yake kwa dada yangu: kompyuta iliyobaki na kanuni ya zamani ingempandishia jibu kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, hapa hapa Tanga. Na utafiti uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2022, ambapo uchujaji wa watu ulipimwa moja kwa moja kwa kudungwa dawa maalumu na kufuatiliwa inavyotoka, ulionyesha kwamba kanuni hizi za kreatinini huelekea kuzipa figo zetu alama za juu kuliko zinavyostahili. Sababu mojawapo inayotajwa ni uchache wa misuli kwa watu waliokula kwa shida. Lakini hayo yote, ukiyatazama vizuri, hayatetei kreatinini tupu. Kreatinini tupu ina kasoro hizo hizo na nyingine juu yake. Ikiwa kanuni inamwona dada kwa matumaini kupita kiasi na bado inasema 54, basi karatasi iliyosema “kawaida” ilikuwa mbali zaidi na ukweli. Palipo na shaka na pana uwezo, kipo kipimo kingine cha damu, sistatini C, ambacho hakitegemei sana misuli, ingawa bei yake si ya kila mtu.

Tofauti ya kujua na kutojua, kwa dada, imekuwa ya mambo ya kila siku. Dawa ya presha ilibadilishwa ikawekwa ile inayopunguza kuvuja kwa albumini, na tukatahadharishwa kwamba kreatinini inaweza kupanda kidogo wiki za mwanzo, hata kufikia asilimia 30, bila kuwa sababu ya kuiacha; nashuku wako wengi walioiacha kwa kuona namba hiyo imepanda wakaogopa. Metformini, dawa yake ya kisukari, ameachiwa kwa kuwa uchujaji wake uko juu ya 45, lakini sasa tunajua kwamba chini ya hapo dozi hupunguzwa, na chini ya 30 husimamishwa. Vidonge vya magoti vimekwisha ndani ya nyumba. Imekwisha pia chupa ya dawa ya majani ya “kusafisha figo”, ambayo mwanawe mwingine aliinunua kwa shilingi elfu thelathini jioni ile ile ya ile mia na sita, kutoka kwa mtu aliyeipigia debe kwa spika ya pikipiki, na ambayo hakuna aliyeweza kutuambia ndani yake mna nini. Mpwa wangu huyo si mjinga. Alipewa namba bila maelezo, na pengo hilo mwenye spika alilijaza.

Kwa wale ambao figo zao zimeshindwa kabisa kuna kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki na kila mara kwa saa zipatazo nne, na kuna kupandikizwa figo, huduma ambayo Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2017. Ni fahari kwa nchi, lakini gharama ya kuandika mstari mmoja na gharama ya hayo haziwezi kuwekwa kwenye mzani mmoja.

Kwa hiyo ninawaomba wenye maabara, za serikali na za watu binafsi, waielekeze mitambo yao ichape uchujaji chini ya kreatinini kwa kila mtu mzima, ikitaja kanuni iliyotumika. Waandike kipimo kwa herufi zinazosomeka, na maabara za mji mmoja zikiweza kukubaliana kutumia mikromoli au miligramu, sio zote mbili, watatuondolea vilio visivyo na sababu. Mipaka ya kawaida itenganishwe kwa wanaume na wanawake. Neno “kawaida” lisitamkwe dirishani na mtu asiyejua umri na historia ya anayeambiwa. Na wagonjwa wenzangu, hasa wa presha na kisukari, ninawaomba wasiiache karatasi hospitalini wala wasiitupe. Dada ameninunulia daftari la kurasa 48, nami nimemchorea safu za tarehe, maabara, kreatinini pamoja na kipimo chake, uchujaji, na mkojo. Tunapokwenda kwa daktari hatuna haja ya kusimulia. Tunafungua ukurasa.

Mwezi Novemba alipimwa tena, safari hii katika maabara ya tatu, ya kisasa, yenye viti vya kuketi na kiyoyozi. Kreatinini 101. Karatasi imechapwa kwa rangi, nembo juu, saini chini, umri miaka 68, jinsia mwanamke, na kati ya mstari wa kreatinini na mstari wa yurea wameacha nafasi tupu inayotosha kabisa kuandikwa namba mbili. Nimeijaza mwenyewe, kwa kalamu: 52.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu,
Ngamiani Kusini, Tanga.